Chama cha watazama ndege kinapotimiza miaka: mwongozo wa maandalizi kutoka Tabora

Kabla hamjachangishana hata shilingi, kabla hamjaulizana fulana ziwe za rangi gani, litafuteni daftari la kwanza la chama. La kwetu tulilikuta kata ya Ng'ambo hapa mjini, nyumbani kwa mjane wa mmoja wa waasisi, limefungwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na stakabadhi za ada za watoto. Ni kaunta buku lililovalishwa gazeti, limeandikwa kwa penseli. Ukurasa wa kwanza una ndege 31, majina ya watu sita, na juu kabisa maneno haya: "Tumeanza saa 12:20 asubuhi. Mawingu kidogo, upepo hakuna. Darubini moja."

Ukurasa huo ndio uliotupangia sherehe yetu ya miaka 15. Tulikuwa tumeshaanza kuulizia bei ya ukumbi, keki na muziki. Ukurasa ule ulipopitishwa mkono kwa mkono kikaoni, mama mmoja mwanachama akauliza, "Hao ndege 31 bado wapo?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Tangu siku hiyo nimeshika msimamo mmoja: chama cha watazama ndege kinaadhimisha miaka yake kwa kurudi kwenye njia ile ya kwanza, mwezi uleule, saa ileile, na kuhesabu upya. Chakula, hotuba, wageni na picha vipangwe baada ya hapo, kuizunguka hesabu hiyo.

Nimeandika nikiwafikiria wenzangu wenye vyama vidogo, vya watu 20 hadi 60, wasio na mfadhili.

Miezi minne kabla: daftari

Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha. Msitumie flashi, penseli hung'aa na herufi zikapotea. Kisha nakilini kila kitu kwenye jedwali: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, waliokuwepo, na idadi ya kila ndege kama iliandikwa. Kwenye jina la ndege wekeni safu mbili. Ya kwanza ni jina kama lilivyo daftarini, hata kama mnaona limekosewa. Ya pili ni jina mnaloamini leo kwamba ndilo. Safu ya kwanza haiguswi.

Nasisitiza kwa sababu mwenzetu mmoja, kwa bidii yake, alizisafisha kurasa tatu na kugeuza kila "shore" kuwa ndege mmoja. Kumbe waasisi waliandika shore kwa karibu kila ndege wa kahawia aliyeimba uani. Ilibidi turudi kwenye picha na kuanza upya.

Kuna mistari isiyo na jina kabisa. Mmoja unasema: "Mweusi wote, mkia wa mkasi, anamfukuza mwewe." Yeyote aliyewahi kukaa chini ya mwembe hapa mjini anamjua huyo. Ni mramba, ambaye hujirusha mgongoni mwa ndege aliyemzidi ukubwa mara kadhaa mpaka ahame. Maelezo kama hayo yathaminini. Mara nyingi yalitusaidia kuliko majina.

Waiteni wazee mapema, msingoje siku ya sherehe ambapo kila mtu anataka kuwasalimia. Sisi tuliwakalisha watatu waliobaki, mezani tukatandaza picha za ndege zilizochapishwa kubwa, kijana wetu akawa anasoma mstari mmoja mmoja.

"Shikamoo babu. Hapa mmeandika ndege wa mvua."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyo ni korongo, yule mweusi mwenye tumbo jeupe. Makundi yake yakishuka, sisi tunajua jembe litoke darini."

Alikuwa anamsema korongo wa Abdim, ambaye huzaliana kaskazini mwa ikweta kisha huja huku kwetu pamoja na mvua. Jioni ile tulipata pia majina ya Kinyamwezi ambayo hakuna kijana hata mmoja kati yetu aliyekuwa anayajua, tukayafungulia safu ya tatu. Kama hamtafanya kingine chochote katika mwongozo huu, fanyeni hiki. Wazee hao hawatakuwepo kwenye sherehe zote zijazo.

Tarehe

Tarehe iamuliwe na daftari. Kama matembezi ya kwanza yalikuwa Februari, sherehe iwe Februari, hata kama mtakula chini ya turubai mvua ikipiga. Mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem wa Ulaya na korongo weupe wanakuwa upande wetu wa dunia kuanzia mnamo Oktoba hadi Machi au Aprili. Ukiilinganisha orodha ya Februari na ya Julai, utatangaza kwamba ndege wametoweka, kumbe wako kwao wanalea vifaranga.

Kiangazi nacho kina tabia yake. Ndege wengi wa misitu ya miombo hutembea kwa makundi ya mchanganyiko, kigogota na mramba na wadogo wengi wala wadudu, wakipita pamoja kama msafara. Unaweza kukaa nusu saa msituni usione hata mmoja, halafu aina 12 wakapita juu ya kichwa chako ndani ya dakika tano. Mkihesabu wakati wa kiangazi, wapeni watu muda mrefu zaidi kabla ya kukata tamaa.

Kama daftari halina tarehe, au mlianza bila kuandika, shikeni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Hiyo ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo huadhimishwa pia Jumamosi ya pili ya Mei. Kwa Tabora mimi nachagua Oktoba. Mwezi Mei wageni wa Ulaya wameshaondoka, lakini Oktoba wameanza kuingia, na miombo inakuwa imechipua majani yake mekundu kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Tena tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, watu hawaendi kazini.

Tazameni pia kalenda ya watu. Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi mtakosa nusu ya chama, na wenzetu Wasabato hawatakuja Jumamosi. Mkiwa na wanachama wa pande zote, sikukuu ya serikali inayoangukia katikati ya juma ndiyo inayowatendea haki wote. Mwezi wa Ramadhani uacheni.

Mahali na barua

Kama njia yenu ya kwanza inapita kwenye msitu wa hifadhi, nendeni ofisi ya wilaya ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, mkaombe ruhusa kwa maandishi. Msitu wa kijiji unahitaji barua kwa mtendaji wa kijiji, naye ataifikisha kwa mwenyekiti na kamati ya maliasili. Pelekeni barua wiki sita kabla, mtajeni mtu mmoja wa kuwasiliana naye, na andikeni wazi kwamba hamtakata, hamtachoma na hamtakamata kitu. Mkiwa mjini, ukingo wa Bwawa la Kazima unatosha kabisa kwa sherehe ya asubuhi. Bwawa la Igombe lina nafasi kubwa zaidi lakini linahitaji usafiri.

Watu sita na darubini moja

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika bila mtu kujua.

Siku ya kwanza walikuwa watu sita wenye darubini moja. Siku ya sherehe mtakuwa 50, darubini 14, na simu zenye programu ya Merlin inayotambua sauti za ndege. Mkirudi na ndege 58 mtashangilia kwamba wameongezeka, kumbe yaliyoongezeka ni macho na masikio. Chama kimoja cha jirani kilitangaza ongezeko la namna hiyo mbele ya wageni, na mwaka uliofuata kikaja kujutia, kwa sababu msitu uleule ulikuwa umeshakatwa upande mmoja na kila mtu aliuona.

Basi teueni watu sita. Wapeni darubini moja, na simu wazime. Waanze saa ileile iliyoandikwa, watembee njia ileile kwa mwendo uleule, wamalize kwa muda uleule. Wetu walianza saa 12:20, wakaenda kilomita tatu kwa saa mbili na nusu. Wawili kati yao walikuwa waasisi. Mzee wa tatu miguu haikumruhusu, tukamwekea kiti chini ya mwembe pale njia inapoanzia, na yeye akahesabu akiwa ameketi. Hesabu yake tuliiandika peke yake.

Wengine wote wanaondoka nusu saa baadaye, kwa vikundi visivyozidi watu kumi, kila kikundi na kiongozi wake, wakitumia vifaa vyote walivyonavyo. Orodha yao inaitwa orodha ya wote. Orodha ya sita na orodha ya wote hazichanganywi, si kwenye hotuba wala kwenye daftari.

Kwa ajili ya wale watakaoadhimisha miaka 30, ongezeni kitu ambacho waasisi hawakuwa nacho: vituo vya kudumu. Kila mita 200 simameni, hifadhini mahali hapo kwenye ramani ya simu, tulieni dakika moja ili ndege wawazoee, kisha hesabuni kwa dakika kumi kamili. Walio ndani ya mita 50 waandikwe safu yao, walio mbali zaidi safu yao. Mwekeeni O aliyeonekana na S aliyesikika. Atakayekuja baada yenu atasimama palepale mliposimama.

Msipige sauti za ndege kwa spika ili waje karibu. Dume akisikia mpinzani kwenye himaya yake huacha kiota na kulisha, akaja kupigana na simu yako. Watu 50 wakifanya hivyo asubuhi moja, ni madhara ya kweli kwa ndege wanaozaliana.

Sisi tuliwapata 24 kati ya wale 31. Kelele za furaha zilikuwa kubwa, lakini asubuhi moja haitoshi kumtangaza ndege kuwa hayupo. Tukarudi asubuhi nyingine mbili ndani ya mwezi uleule, wanne wakajitokeza. Watatu hatujawaona mpaka leo. Mmoja wao ni hondohondo mkubwa ambaye daftari linasema alikuwa na tundu kwenye mninga karibu na kijito. Jike la hondohondo huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kubaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo. Bila mti mkubwa wenye tundu, hakuna hondohondo mtoto. Mninga ule haupo tena. Tulikikuta kisiki chake pembeni mwa shamba la tumbaku, na yule mzee aliyekuwa ameandika mstari ule akaweka mkono wake juu yake akakaa kimya kwa muda mrefu.

Mwiteni mfugaji nyuki

Mkoa huu ni wa asali. Mizinga ya magome inaning'inia kwenye miombo tangu kabla ya reli kufika mwaka 1912, na mjini kwetu kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Chama cha ndege cha Tabora kinachofanya sherehe bila wafugaji nyuki kimewasahau walimu wake.

Sababu ni mlembe, ndege ambaye wengine humwita kiongozi wa asali. Ukimtazama kwa mbali hana mvuto, ni wa kijivu na kahawia. Lakini akiruka utaona manyoya meupe pembeni mwa mkia, na akitaka kukuongoza atatoa sauti kama ya kiberiti chenye njiti nusu kinachotikiswa. Anaruka mti mmoja, anatua, anakusubiri, anatikisa kiberiti chake tena, mpaka anakufikisha penye nyuki. Mtu anachukua asali, yeye anakula nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Ni miongoni mwa viumbe wachache duniani wanaoweza kusaga nta tumboni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na Claire Spottiswoode kwa kushirikiana na warina asali wa Kiyao kaskazini mwa Msumbiji, ulionyesha kwamba mrina asali akitoa wito wao wa jadi, uwezekano wa kuongozwa na mlembe ulipanda kutoka theluthi moja hadi theluthi mbili. Uwezekano wa kuongozwa mpaka kuona nyuki ulitoka asilimia 16 ukafika 54. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2023, uliwalinganisha Wayao na Wahadzabe wa hapa Tanzania, ambao wao humwita kwa mluzi. Mlembe wa kila eneo alimwitikia zaidi mtu aliyeita kwa namna ya watu wa eneo lake. Maana yake ndege huyu hujifunza lugha ya majirani zake.

Sasa fikirieni mlivyonavyo hapa. Mfugaji nyuki wa Sikonge ana wito wake, na wa Urambo huenda ana wake. Kwenye sherehe wapeni nafasi wafugaji wawili au watatu, kila mmoja dakika 15, wakiwa wamesimama chini ya mti na si nyuma ya meza. Waulizeni: unamwitaje? Ulifundishwa na nani? Unamwachia nini ukishapata? Kisha rekodini wito wao kwa simu, na muandike jina la kijiji na mwaka, kwa ruhusa yao. Mzee aliyekuja kwetu aliweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mrefu unaopanda mwishoni, na watoto wote walioketi mbele wakanyamaza mara moja.

Tahadhari: msifungue kiota cha nyuki pori mbele ya kundi la wageni. Wapo wanaodhurika vibaya na miiba ya nyuki bila kujijua. Leteni asali iliyorinwa tayari, na sega lake kwenye sinia.

Kama kuna watoto, waelezeni pia upande wa pili wa mlembe. Jike hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, na kifaranga chake, kingali kipofu, huwa na ndoano kwenye mdomo ambayo huulia vifaranga vya mwenye kiota. Watoto huuliza maswali mengi hapo. Wajibuni yote kwa ukweli.

Mavazi, fulana na darubini

Fulana za kumbukumbu zisiwe nyeupe, zinaonekana na ndege mita mia mbili. Zisiwe za bluu iliyokolea wala nyeusi pia, kwa sababu mbung'o huvutwa sana na rangi hizo, na misitu yetu mingi ina mbung'o. Kaki au kijani cha majani makavu inafaa. Chapeni kifuani ndege mmoja tu, yule aliye wa kwanza kwenye orodha ya daftari.

Darubini nzuri kwa kazi hii ina namba 8x42: nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Yenye 10 hukuza zaidi lakini hutikisika mkononi na hupunguza eneo unaloliona. Mkiwa na chache, wagawieni watu watatu darubini moja, wapokezane kila baada ya dakika kumi, kiongozi akisimamia, la sivyo mtu mmoja ataishikilia mpaka mwisho. Vioo visifutwe kwa kanga wala pindo la shati. Pulizeni vumbi kwanza, kisha futeni kwa kitambaa laini kilicho safi. Wekeni kila darubini namba kwa plasta, na mtu wa kuandika nani kachukua ipi.

Sanduku la huduma ya kwanza na gari au bajaji ya akiba viwepo pale njia inapoishia.

Chakula na michango

Bajeti yetu ya watu 60 ilibebwa na michango ya wanachama, ikalipwa kwa awamu tatu. Kubwa zaidi ilikuwa chakula, ikifuatiwa na usafiri. Ukumbi hatukulipia, miembe ilitosha.

Alfajiri watu wapate kitu cha moto kabla ya kutembea: chai ya tangawizi, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Mchana tulipika kuku wa kienyeji 12, mchele kilo kumi, ugali, na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga. Kuku wachinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale kwa amani. Maji yawe lita moja na nusu kwa kila mtu, Oktoba ya Tabora haina mchezo. Leteni madumu na vikombe, acheni chupa ndogo za plastiki, maana upepo wa mchana utazipeleka bwawani.

Kama mnawategemea wageni kwa treni kutoka Kigoma au Mwanza, wafike siku moja kabla na pawepo mtu wa kuwapokea stesheni hata saa nane usiku.

Siku yenyewe

Saa 11:15 alfajiri chai. Saa 11:50 maelezo mafupi na kugawa vikundi. Saa 12:20 sita wanaondoka, saa 12:50 wengine. Saa 3:30 wote wamerudi, wanakaa kivulini, wanakunywa maji. Saa 4:00 orodha zinasomwa. Saa 5:00 mgeni rasmi.

Mgeni rasmi aje saa tano, na barua yake iseme saa tano. Miaka michache nyuma tulimngoja mkubwa mmoja afungue matembezi. Alifika saa nne kasoro, jua limeshapanda, na msituni tulisikia njiwa wawili na injini ya gari lake ikipoa. Hakuwa na kosa, kosa lilikuwa letu kumweka mahali pa ndege. Akija saa tano anakuta kazi imefanyika na orodha iko mkononi, naye ana jambo la maana la kusikiliza na kulijibu.

Kusoma orodha ndicho kilele cha siku, kwa hiyo kupangieni vizuri. Mwasisi anasimama na daftari la zamani, kijana anasimama kando yake na la leo. Mzee anasoma: "Fundi-chuma." Kijana anajibu: "Yupo, wawili, kwenye mkondo." "Yangeyange." "Wapo, 17." "Kwarara." Kimya. Kijana anasema: "Leo hatukumwona." Anaandika alama, wanaendelea. Tulipofanya hivyo hakuna aliyeshika simu isipokuwa wapiga picha, na akina mama waliokuwa jikoni walikuja na miko yao mikononi kusikiliza.

Baada ya orodha, wakumbukeni waasisi waliotangulia. Majina yao yasomwe, mmoja aombe dua, mwingine asali, kila upande kwa namna yake. Dakika tano zinatosha.

Kisha hotuba moja ya historia, isiyozidi dakika 20. Tabora ina la kusema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani mmoja mtaalamu wa wanyama, Richard Böhm, alikaa kusini mwa mji huu akikusanya ndege na kuwapeleka Berlin. Alifariki mwaka 1884. Jina lake limebaki kwa keremkerem mmoja, kwa mdaka-nzi mdogo wa miombo, na kwa mti wenyewe tunaouita myombo, ambao wanasayansi huuandika Brachystegia boehmii. Mwanafunzi aliyesikia hayo kwetu aliondoka mbio kwenda kuutafuta mti huo, akarudi na jani lake.

Wafugaji nyuki wafuate, kisha chakula. Muziki mkitaka, baada ya chakula.

Watoto na manati

Watoto wa kijiji watakuja hata kama hamkuwaalika, na baadhi watakuwa na manati shingoni. Msiwafukuze wala kuwanyang'anya. Mtoto mwenye manati anajua kila kiota kilipo, na mara nyingi anawajua ndege wa mahali pake kuliko mwanachama aliyetoka mjini. Tulimwomba mmoja, wa miaka kama kumi, atuonyeshe ndege wake. Alitupeleka kwenye ukingo wa mchanga kijitoni, akanyoosha kidole: matundu ya mdiria, manne, moja lina kinyesi kibichi mlangoni. "Humu yumo," akasema. Sita wetu walikuwa wamepita palepale saa moja kabla na hawakuyaona. Tulimwandika daftarini kwa jina lake la kwanza, tukamkabidhi darubini kwa asubuhi iliyobaki. Manati aliitundika mwenyewe kwenye tawi, na mchana alipoondoka aliisahau. Siku hizi hutuletea habari kila Jumapili.

Andaeni kadi ndogo za kuwapa watoto, zenye picha za ndege kumi wa kawaida wa hapo na nafasi ya kuweka alama. Penseli zitoke kwenu.

Wiki inayofuata

Msiache ikapita. Ndani ya siku saba katibu aingize orodha zote mbili kwenye jedwali, na zile zenye saa, mahali na idadi azipeleke pia eBird, tovuti ya kukusanya orodha za ndege, ili watafiti wanaochora ramani za ndege wa Tanzania wazione. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na magharibi huku kuna watazamaji wachache mno kulinganisha na Arusha au pwani. Orodha moja ya kweli kutoka Tabora ina uzito.

Mpelekeeni mtendaji wa kijiji nakala ya matokeo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, pamoja na shukrani. Kama kuna ndege waliokosekana kwa sababu ya miti kukatwa, mwambieni hivyohivyo, mkitaja miti na mahali. Kijiji chetu kilipopata barua hiyo kiliitisha kikao, na miti mitano mikubwa yenye matundu kando ya kijito imepigwa alama nyekundu isikatwe.

Daftari la zamani msilirudishe kwenye mfuko wa plastiki, unyevu hulila. Bahasha ya karatasi ndani ya bati la biskuti, na bati kwenye kabati juu, mbali na panya na mchwa. Nakala moja ikae kwa mjane aliyelitunza.

Kisha fungueni daftari jipya. Sisi juu ya ukurasa wa kwanza tuliandika: "Tumeanza saa 12:20 asubuhi. Anga safi, upepo kidogo kutoka mashariki. Watu sita, darubini moja." Tuliandika kwa penseli, kwa sababu wino ungechuja siku daftari litakaponyeshewa na mvua.